Kapteni Bowen-Colthurst na mauaji ya kambi ya Portobello, Dublin 1916: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, ni kisa gani hiki?

Asubuhi ya Jumatano, 26 Aprili 1916, katika kambi ya jeshi ya Portobello mjini Dublin, kapteni wa jeshi la Uingereza aitwaye John Bowen-Colthurst aliwatoa mahabusu watatu katika chumba cha walinzi, akawapeleka kwenye kiua kidogo kilichozungushiwa ukuta, akaamuru askari saba wawapige risasi. Mahabusu hao hawakuwa wameshtakiwa kwa kosa lolote. Hapakuwa na hakimu, wala shahidi, wala karatasi ya hukumu.

Waliouawa ni Francis Sheehy-Skeffington, Thomas Dickson na Patrick MacIntyre. Wote watatu walikuwa watu wa kalamu, na hakuna aliyekuwa na silaha. Kapteni alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwezi Juni, akaonekana aliua kweli lakini akiwa hana akili timamu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haujesha mpaka leo.

2. Dublin ilikuwa katika hali gani wiki hiyo?

Ayalandi yote ilikuwa bado chini ya Uingereza, na Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani. Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili, wapiganaji wa Irish Volunteers na wa Irish Citizen Army, makundi ya Waayalandi waliotaka uhuru, waliteka majengo makubwa ya Dublin, likiwemo posta kuu, wakatangaza jamhuri. Serikali ilishikwa usingizini: maofisa wengi walikuwa likizo, wengine kwenye mbio za farasi. Jumanne ikatangazwa sheria ya kijeshi mjini. Polisi waliondolewa barabarani, maduka yakaanza kuvunjwa na kuporwa, na kambi kama Portobello zikajaa askari waliotoka vikosi tofauti, wengine wakiwa hawajuani hata kwa majina.

Hali hiyo ni ya kukumbuka unaposoma majibu yanayofuata. Kambi iliyojaa hofu, yenye amri zinazogongana, ni mahali ambapo mtu mmoja mwenye cheo na sauti kubwa anaweza kufanya atakalo.

3. Bowen-Colthurst alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1880 katika familia ya wamiliki wa ardhi wa kaunti ya Cork, wale Waprotestanti waliokuwa na jumba, wapangaji na utiifu kwa Mfalme. Kwa hiyo wanaomwita "Mwingereza" wanakosea kidogo: alikuwa mtoto wa Ayalandi, ila wa tabaka lililojiona ni la watawala. Alijiunga na Royal Irish Rifles, akapigana vita vya Makaburu Afrika Kusini, akatumikia India, akawa katika msafara wa kijeshi ulioingia Tibet mwaka 1904.

Mwaka 1914 alikwenda Ufaransa. Wakati jeshi likirudi nyuma kutoka Mons, Ubelgiji, matendo yake yaliwashangaza wenzake. Askari wanarudi nyuma kwa amri, yeye anawageuza wake waelekee kwa adui. Septemba mwaka huo alijeruhiwa, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata mdogo wake aliuawa vitani. Pasaka ya 1916 ilimkuta katika kikosi cha akiba huko Portobello. Kwa jeshi lililokuwa na uhaba wa maofisa, kapteni mwenye miaka 16 au zaidi ya utumishi hakuwa mtu wa kuwekwa kando, hata kama kulikuwa na minong'ono juu yake.

4. Na Sheehy-Skeffington?

Huyu anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi humhesabu miongoni mwa waasi, naye hakuwa mwasi wa bunduki hata siku moja.

Alizaliwa mwaka 1878 huko Bailieborough, kaunti ya Cavan. Alisoma Dublin wakati mmoja na James Joyce. Alikuwa mtu wa misimamo mingi, na yote aliivaa hadharani: hakunywa pombe, hakula nyama, alipinga vita, alidai wanawake wapige kura. Alipomwoa Hanna Sheehy mwaka 1903, wote wawili waliunganisha majina ya ukoo, jambo ambalo Dublin ya wakati ule ililicheka. Mwaka uliofuata aliacha kazi yake ya usajili katika chuo kikuu baada ya kuvutana na wakubwa kuhusu haki za wanafunzi wa kike. Baadaye akahariri gazeti la Irish Citizen lililotetea haki za wanawake.

Vita vilipoanza alisimama barabarani kuwaambia vijana wasijiandikishe jeshini. Mwaka 1915 akafungwa kwa hilo, akagoma kula, akaachiliwa akiwa hoi. Alikuwa na marafiki miongoni mwa wapangaji wa mapinduzi, akiwemo James Connolly, lakini aliwaambia waziwazi kwamba njia ya silaha hakuikubali. Mtu kama huyu husumbua pande zote mbili. Waasi walimheshimu bila kumfuata, na serikali ilimweka katika orodha ya watu wa kutazamwa.

## Kuanzia Jumanne jioni hadi Jumatano asubuhi

5. Sheehy-Skeffington alikamatwa kwa kosa gani?

Hakuna. Jumatatu, mapigano yalipoanza karibu na Dublin Castle, makao ya serikali ya Uingereza mjini, alijaribu kumfikia ofisa wa Kiingereza aliyekuwa amelala barabarani akivuja damu, risasi zikipita juu. Jumanne alizunguka mjini akijaribu kuunda kundi la raia wasio na silaha ili kuzuia uporaji wa maduka. Jioni alianza kutembea kurudi nyumbani Rathmines. Kundi la watu lilimfuata nyuma likimwita kwa jina, kwa kuwa alikuwa anajulikana sana. Kwenye daraja la Portobello ofisa aliyekuwa zamu aliona umati, akamkamata.

Kambini alihojiwa, akasema bila kuficha kwamba anaunga mkono madai ya Ayalandi lakini anapinga matumizi ya nguvu. Kumbukumbu za kambi zilionyesha kwamba hana shtaka. Hata hivyo hakuachiliwa.

6. Ni kweli alichukuliwa kama mateka usiku ule?

Ndiyo, na ndicho kipande cha kisa ambacho hata watetezi wa kapteni hukipita haraka.

Usiku wa Jumanne Bowen-Colthurst alitoka na askari kama 40 kwenda kuvamia duka la tumbaku la diwani James Kelly. Alikwenda chumba cha walinzi akamchukua Sheehy-Skeffington, mikono imefungwa nyuma. Hakuwa na mamlaka ya kumchukua mahabusu aliye chini ya ulinzi, lakini alimchukua. Kabla ya kuondoka alimtaka asali. Mwenzake alipokataa, kapteni akawaamuru askari wavue kofia, akasali mwenyewe, akimwomba Mungu amsamehe mtu huyu endapo atauawa.

Wakiwa njiani, mbele ya kanisa katoliki la Rathmines, walikutana na vijana waliokuwa wanarudi kutoka ibada. Kilichompata mmoja wao kiko katika swali la 9. Walipofika darajani kapteni akaligawa kundi. Sehemu moja ilibaki pale na Sheehy-Skeffington chini ya luteni kijana, ikiwa na amri kwamba kundi la mbele likishambuliwa, mateka apigwe risasi papo hapo.

Dukani walirusha mabomu ya mkono ndani, kisha wakaingia. Kelly mwenyewe hakuwepo. Tena alikuwa Kelly asiye sahihi: kapteni alimchanganya na diwani mwingine, Tom Kelly, ambaye ndiye aliyekuwa na uhusiano na Sinn Féin, chama cha waliotaka uhuru wa Ayalandi. James Kelly alikuwa upande wa serikali.

7. Dickson na MacIntyre waliingiaje?

Walikuwa ndani ya duka hilo, wakijificha kwa kuwa mitaa haikupitika. Thomas Dickson alikuwa Mskoti mwenye ulemavu wa mwili, mhariri wa kijigazeti cha The Eye-Opener. Patrick MacIntyre alihariri The Searchlight. Magazeti yote mawili hayakuwa na urafiki na waasi. MacIntyre hasa alijulikana kwa kuwashambulia. Kwa maneno mengine, kapteni aliwaua wafuasi wa upande wake mwenyewe akidhani ni adui. Ndiyo maana historia za upande wa jamhuri huwataja kwa sentensi moja na kupita, na historia za upande wa Taji, yaani serikali ya Uingereza, pia hazijui wawaweke wapi.

8. Asubuhi ya Jumatano ilikuwaje?

Ushahidi uliotolewa baadaye ulisema kapteni alikesha akisoma Biblia, akafika Luka 19:27, pale ambapo mfalme katika mfano anaamuru wale waliokataa awatawale waletwe wachinjwe mbele yake. Akaona ni amri iliyomhusu.

Baada ya saa nne kidogo aliingia chumba cha walinzi. Ofisa wa zamu alikuwa Luteni Dobbin, kijana wa miaka 18. Kapteni alimweleza kwamba anawatoa mahabusu kwenda kuwapiga risasi kwa kuwa anaona ndilo jambo sahihi. Walielekezwa kwenye kiua, wakaambiwa watembee kuelekea ukutani, na risasi zikalia. Inaelekea hawakujua kinachokuja. Dobbin alipoingia aliona mguu wa Sheehy-Skeffington ukicheza. Aliuliza afanye nini, akajibiwa apigwe tena. Likapangwa kundi la pili la askari, likampiga tena akiwa chini.

9. Je, aliua wengine?

James Coade, kijana aliyetoka ibadani usiku wa Jumanne, alisimamishwa, akaambiwa kuna sheria ya kijeshi, akapigwa kitako cha bunduki, kisha akapigwa risasi. Tume ya uchunguzi (swali la 16) ilisikia mashahidi waliomwona kapteni akifyatua. Jumatano, katika mtaa wa Camden, alipigwa risasi diwani Richard O'Carroll, kiongozi wa chama cha mafundi wa matofali, akiwa tayari amejisalimisha. Huyu alikuwa kweli mwanachama wa Volunteers. Alifariki siku 9 baadaye. Mauaji hayo nayo yanahesabiwa mikononi mwa Bowen-Colthurst.

Kwa Coade na O'Carroll hakushtakiwa kamwe. Shtaka lilihusu wale watatu wa kiuani peke yao.

10. Kwa nini hakuna aliyemzuia?

Mimi naliona hili ndilo swali kubwa kuliko lile la wazimu. Kambi ilikuwa na maofisa wengi. Kamanda alikuwa mgonjwa, na Meja Rosborough ndiye aliyekaimu. Mateka alitolewa usiku mbele ya walinzi, akarudishwa, na asubuhi akatolewa tena. Muda wote huo hakuna aliyesema "simama". Askari saba waliofyatua walikuwa na udhuru wa kutii ofisa. Dobbin alikuwa mtoto aliyevishwa magwanda. Lakini waliokuwa juu yao?

Baada ya mauaji kapteni mwenyewe alikwenda kutoa taarifa kwa Rosborough, akieleza kwamba alihofia mahabusu wangetoroka au kuokolewa. Aliambiwa aandike ripoti. Akaandika. Akarudi kazini.

## Kufichwa na kufichuka

11. Nani aliyefichua?

Meja Sir Francis Fletcher Vane, ofisa wa jeshi hilohilo. Hakuwepo kambini saa ya mauaji, kwa kuwa alikuwa akisimamia ulinzi wa nje. Mwenyewe alieleza kwamba aliporudi alishangaa watu wa Rathmines wakimzomea na kumwita muuaji, ndipo akauliza kulikoni.

Vane alikuwa na historia. Katika vita vya Makaburu alilalamikia namna raia walivyotendewa, akapoteza cheo chake cha uhakimu. Baadaye alikuwa kiongozi wa Skauti mjini London, akagombana na Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, huyuhuyu aliyezikwa Nyeri. Mtu wa namna hii jeshi humwona msumbufu mpaka siku anapohitajika. Alimtaka Rosborough amweke kapteni chini ya ulinzi. Taarifa ilipelekwa makao makuu ya Dublin. Kapteni akaendelea na zamu zake. Vane akavuka bahari kwenda London, akaonana na Kitchener, Waziri wa Vita. Kitchener akaagiza kapteni akamatwe. Kukamatwa kwenyewe kulifanyika 6 Mei, siku 10 baada ya mauaji, na mwanzoni hata hakufungiwa.

12. Kisa cha matofali ni cha kweli?

Ni cha kweli. Mwanzoni mwa Mei mafundi wa jeshi waliingia kiuani, wakatoa matofali yenye matundu ya risasi, wakaweka mapya. Vane ndiye aliyemweleza Hanna. Unaweza kusema ni ukarabati wa kawaida ukitaka, lakini jeshi lililokuwa na jiji zima limebomoka mbele yake halikuwa na haraka ya kutengeneza ukuta mwingine wowote.

13. Familia iliarifiwa vipi?

Haikuarifiwa. Hanna alimtafuta mumewe Jumatano na Alhamisi kwa uvumi tu. Ijumaa dada zake wawili, Mary Kettle na Margaret Culhane, walikwenda kambini kuuliza. Wao wenyewe wakawekwa chini ya ulinzi, wakahojiwa, kisha wakatolewa bila jibu. Mume wa Mary alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, na baba yao alikuwa mbunge London. Kama hao walijibiwa hivyo, fikiria mtu asiye na jina.

Aliyempa Hanna habari ni baba yake James Coade. Alikuwa amekwenda kumchukua mwanawe katika chumba cha maiti cha kambi, akaona mwili wa Sheehy-Skeffington umelazwa karibu naye. Baba mfiwa akambebea mjane habari ambayo jeshi zima lilishindwa kuitamka.

Jioni ileile askari walizingira nyumba ya Hanna huko Grosvenor Place, wakafyatua risasi na kuingia na singe. Aliyewaongoza ni Bowen-Colthurst mwenyewe. Mtoto wao Owen, ambaye hakuwa ametimiza miaka 7, alisimamishwa pamoja na mama yake mikono juu huku vitabu na karatasi vikibebwa. Sioni lengo jingine la upekuzi ule ila kumtafutia marehemu kosa baada ya kumuua.

Miili ilikuwa imefukiwa ndani ya kambi. Ilifukuliwa, na baba yake Sheehy-Skeffington ndiye aliyeruhusiwa kumtambua, kwa sharti kwamba mazishi yawe ya mapema na ya kimya. Akazikwa katika makaburi ya Glasnevin, Dublin, 8 Mei. Mkewe hakuwepo.

## Mahakama, tume na fidia

14. Mahakama ya kijeshi ilikwendaje?

Ilikaa siku mbili, 6 na 7 Juni 1916, katika kambi ya Richmond, Dublin, chini ya Lord Cheylesmore. Milango ilikuwa wazi kwa waandishi. Tofauti na viongozi wa mapinduzi, waliohukumiwa kwa faragha na kupigwa risasi ndani ya siku chache, kapteni alipata mawakili, madaktari na muda.

Hanna alihudhuria akiwa na wakili Tim Healy, lakini wakili hakuwa na ruhusa ya kuuliza mashahidi, alikaa akitazama. Vane, aliyefichua kisa kizima, hakuitwa kutoa ushahidi. Ukweli wa mauaji haukubishaniwa. Ubishi ulikuwa juu ya akili ya mtuhumiwa, na uamuzi ukawa: ana hatia ya kuua, ila hakuwa na akili timamu. Alipelekwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili nchini Uingereza, akae huko mpaka itakapompendeza Mfalme.

15. Kwa hiyo alikuwa kichaa kweli, au ilikuwa njia ya kumwokoa?

Wanaosema alikuwa mgonjwa wana hoja: yale ya Mons, jeraha, msiba wa mdogo wake, ile sala ya usiku, Biblia. Siku hizi tungezungumzia athari za vita kwenye akili, na nadhani tungekuwa sahihi kwa kiasi.

Wanaosema ilikuwa hila nao wana hoja. Mgonjwa huyu aliandika ripoti zenye sababu, alitafuta ushahidi, aliongoza upekuzi, alitoa amri zikatiiwa. Kabla ya kesi jeshi halikumwona mgonjwa. Lilimpa askari 40 na silaha. Hanna hakuwahi kuukubali uamuzi ule.

Naona mambo hayo mawili hayapingani. Mtu anaweza kuwa mgonjwa, na wakati huohuo ugonjwa wake ukawa nafuu kubwa kwa wakubwa wake, kwa sababu kichaa cha mtu mmoja hakimgusi Rosborough, wala makao makuu, wala waliobadilisha matofali.

16. Tume ya Simon ilikuwa nini?

Baada ya mahakama ya kijeshi Hanna alidai uchunguzi wa wazi. Bungeni London, mbunge wa Ayalandi John Dillon alikuwa ameshalisimamia jambo hili kwa ukali tangu 11 Mei. Waziri Mkuu Asquith akaunda tume ya kifalme chini ya Sir John Simon, pamoja na jaji Molony na wakili Denis Henry. Ilikaa Dublin mwishoni mwa Agosti 1916, na hapa Healy aliweza kuhoji. Mengi ya yaliyoelezwa juu, kuanzia mateka wa darajani hadi kifo cha Coade, yanajulikana kwa undani kwa sababu ya tume hiyo. Uwezo wake, hata hivyo, uliishia kwenye kueleza. Haikuwa na mamlaka ya kumwadhibu mtu.

17. Si kulikuwa na sheria ya kijeshi? Haikumpa mamlaka?

Hapana. Tume ilisema waziwazi kwamba kumpiga risasi bila kesi raia asiye na silaha na asiyepinga ni kosa la kuua, iwe sheria ya kijeshi imetangazwa au haikutangazwa. Kapteni aliamini, au alidai kuamini, kwamba tangazo la Jumanne lilimpa leseni. Inaonekana hakuwa peke yake katika dhana hiyo ndani ya kambi, na ndiyo sababu tume iliona haja ya kulisema jambo ambalo mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza angelijua.

18. Hanna alilipwa fidia?

Alipewa ahadi, akakataa. Alikutana na Asquith Julai 1916, na kwa maelezo yake mwenyewe kiasi kilichotajwa kilifika pauni 10,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Alitaka uchunguzi, na alijua kwamba kuchukua fedha kungemaliza mazungumzo.

Desemba mwaka huo alisafiri kwa siri na Owen hadi Marekani akitumia jina la bandia. Alihutubia mikutano zaidi ya 250, na Januari 1918 akaonana na Rais Wilson. Uingereza, iliyokuwa ikiwabembeleza Wamarekani wasimame nayo vitani, ilimwona kuwa hatari kuliko wanaume wengi wenye bunduki. Alifariki mwaka 1946. Owen alikuwa mhadhiri wa chuo cha Trinity na seneta, mgomvi wa maneno kama baba yake.

19. Bowen-Colthurst aliishia wapi?

Alitoka Broadmoor Januari 1918, chini ya miaka 2 tangu alipoingia. Baadaye alihamia Kanada, akaishi British Columbia akipokea malipo yake ya ustaafu wa jeshi. Alifariki Penticton mwaka 1965, akiwa na miaka 85.

20. Na Vane?

Aliondolewa jeshini mwaka huohuo wa 1916, baada ya ripoti mbaya juu yake kutoka kwa Jenerali Maxwell, mkuu wa majeshi Ayalandi. Alijaribu kwa miaka kusafisha jina lake. Ukilinganisha na swali la 19, utaona ni nani kati yao aliyelipwa mpaka mwisho.

## Maswali ya pembeni

21. Je, Portobello lilikuwa tukio la pekee wiki ile?

Hapana. Katika mtaa wa North King, usiku wa 28 kuamkia 29 Aprili, wanaume raia wapatao 15 waliuawa ndani ya nyumba na vyumba vya chini, na lawama zikaelekezwa kwa askari wa South Staffordshire Regiment. Hakuna aliyeshtakiwa. Pale hapakuwa na Vane, wala mjane mwenye baba mbunge.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia: waasi nao waliua watu wasio na silaha, akiwemo polisi James O'Brien, aliyepigwa risasi langoni mwa Dublin Castle katika dakika za mwanzo. Zaidi ya nusu ya waliokufa wiki ile walikuwa raia wa kawaida.

22. Roger Casement anahusikaje? Si ndiye yule wa Kongo?

Ndiye. Wasomaji wa Kongo humkumbuka kwa ripoti yake ya mwaka 1904 iliyoanika ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenye biashara ya mpira, alipokuwa konsuli wa Uingereza. Hakuhusika na Portobello hata kidogo. Alikamatwa siku chache kabla ya Pasaka baada ya kushushwa pwani na nyambizi ya Kijerumani, akashtakiwa kwa uhaini, akanyongwa London 3 Agosti 1916. Majina haya mawili hukutana kwa sababu ya tarehe: wiki chache baada ya kapteni kupelekwa hospitali, Casement alipelekwa kwenye kitanzi, na magazeti ya Ayalandi hayakuacha kuyaweka hayo sambamba.

23. Hii ndiyo "Jumapili ya Damu"?

Sivyo. Jina hilo hutumika kwa matukio mengine, hasa lile la Dublin la 21 Novemba 1920 na lile la Derry la 30 Januari 1972, ambapo wanajeshi waliwapiga risasi waandamanaji, 13 wakafa siku hiyo. Kufanana kupo katika jambo moja: Derry nayo ilipata uchunguzi wa haraka uliowaridhisha wakubwa, na familia zikangoja hadi mwaka 2010 kusikia kwamba waliouawa hawakuwa na kosa.

24. Mahali pale papo bado?

Papo. Portobello leo inaitwa Cathal Brugha Barracks na ni ya jeshi la Ayalandi. Ndani yake ndimo ilimo Hifadhi ya Kumbukumbu za Kijeshi, yenye maelezo ya mashahidi 1,773 wa miaka ya mapambano ya uhuru, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2003. Dada zake Hanna walipouliza kwenye lango la kambi hii walikamatwa. Sasa anayetaka kusoma habari za wiki ile anapanga siku na wahifadhi, anaonyesha kitambulisho, anaingia.